Anayeuza Mtoto wa Kobe Ampokee Akikua

Kwetu Malindi mtu akikuta kobe njiani humsogeza kando, akaendelea na safari yake. Akikuta nyoka, hutafuta fimbo. Huku Phoenix, Arizona, kobe na nyoka wote wanauzwa dukani pamoja na taa zao na masanduku yao ya kioo. Mimi naujua mwisho wa biashara hiyo, maana Jumamosi najitolea kwenye kituo kinachopokea wanyama hawa, waliowanunua wakishawachoka: chatu, kenge, mijusi wenye ndevu. Lakini wanaoniuma zaidi ni kobe.

Hasa kobe aina ya sulcata. Asili yake ni Afrika, ukanda wa Sahel, kuanzia Senegal hadi Sudan na Ethiopia. Akianguliwa anaenea kiganjani, na hakuna mtoto atakayemwona asimlilie mzazi anunuliwe. Ila duniani kobe wanaomzidi ukubwa ni wale wa Galapagos na wa Aldabra tu. Dume hufika kilo 45 bila shida, wengine hupita 80, na umri wa miaka 70 si ajabu kwake. Jike naye hutaga mayai 20 hivi kwa mkupuo, na mikupuo ni zaidi ya mmoja kwa mwaka, ndiyo maana watoto wake ni bei rahisi na wengine hugawiwa bure. Miaka inapita, kobe anachimba. Shimo lake huingia chini ya ukuta wa jirani, mwenye nyumba anakuja juu, familia inahamia fleti, na kobe anabaki uani hana wa kumwangalia.

Halafu kuna baridi. Watu wengi hawaamini kwamba Phoenix kuna baridi, lakini usiku wa Januari maji hukaribia kuganda. Arizona ina kobe wake wa asili, kobe wa jangwani, ambaye majira hayo hujificha shimoni akalala mpaka joto lirudi. Sulcata halali hivyo. Mwenye kumfuga humwona ametulia, akadhani amelala kama yule mwingine, kumbe mapafu yameshajaa. Tunaletewa wanatoa makamasi puani, wanahema midomo wazi.

Dume mmoja aliletwa ametobolewa gamba kwa kekee, kwenye ukingo wa nyuma, ili apitishwe mnyororo afungwe mtini kama mbuzi. Gamba si kucha, jamani. Ni mfupa ulio hai, una damu na neva. Lake lilikuwa limeota vilima vilima, dalili ya kukuzwa pakavu mno tangu mdogo, na sehemu nyingine ukibonyeza kwa kidole linabonyea, kwa kukosa kalsiamu na jua. Alikuwa akilishwa chakula cha mbwa na saladi, na huyu ni mnyama wa kula nyasi. Tulimweka kwenye beseni la maji vuguvugu, akazamisha kichwa akanywa, akanywa, hata nikaogopa. Mpaka leo hajapata kwa kwenda.

Ninachokisifu huku ni kwamba kuna mtu wa kumpigia simu. Yupo daktari wa mifugo anayejua kumtibu kobe, wapo wastaafu wanaoamka alfajiri kuja kusafisha vizimba bila malipo. Florida, serikali ya jimbo tangu 2006 ina mpango wa kupokea wanyama wa kigeni waliochokwa, bila faini na bila maswali mengi, ili watu wasiwatupe porini. Hapa Arizona idara ya wanyamapori, Arizona Game and Fish, huwatafutia watu wa kuwalea kobe wa jangwani waliokwisha kufugwa, maana wakirudishwa jangwani wanaweza kuwaambukiza wenzao ugonjwa wa mapafu. Anayeomba lazima aonyeshe kwanza uwanja na shimo alilomtayarishia.

Sasa kwa nini masharti hayo yasimguse anayeuza sulcata? Hapo ndipo nasema kwetu tumewapita. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haikuruhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Unaulizwa kabla hujamchukua. Huku unaulizwa akishakushinda.

Sisemi kwetu ni salama. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilipewa kobe wanne wa Aldabra kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana hadi 200 hivi kufikia 1955, kisha wezi wakawamaliza, wengine kwa nyama, wengine kuwauza nje wakafugwe. Mwaka 1996 walibaki saba. Walipona kwa sababu serikali ilisaidiwa kuwajengea ua wa kuwalinda. Soko la kobe wa kufugwa lina mkono mrefu, na sisi wenyewe tumelihudumia. Kwa upande wa nyoka, Watamu, jirani na kwetu, kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, wanaokuja kumtoa nyoka nyumbani ili asiuawe. Kila mji wa pwani ungestahili huduma kama hiyo.

Rai yangu ni hii: duka lolote linalouza mtoto wa sulcata lilazimishwe na sheria kumpokea tena akikua, na gharama ya matibabu iwe juu yake. Mzigo huo sasa umebebwa na watu wa kujitolea na michango ya kubahatisha. Nina hakika duka likijua kobe wa kilo 45 atarudi mlangoni, halitamuuza kama kichezeo.

Na familia zetu za Waswahili na Wakongo mlioko Phoenix na Tucson, watoto wakililia kobe, msiende dukani. Ulizeni kituo kilicho karibu nanyi. Mkiwa na uwanja wenye ukuta imara na kibanda cha kupashwa joto usiku wa baridi, wapo wakubwa wanaosubiri, na hawauzwi.