Asilimia ya Vitundu Haitoshi

Kila nikisoma habari za kiunzi kipya cha seramiki cha kuoteshea mfupa, yaani kipande chenye vitundu kinachowekwa mwilini ili mfupa mpya uote ndani yake, ninachokutana nacho kwanza ni asilimia ya uwazi, yaani sehemu yake iliyo vitundu: 70, 80, wengine hadi 90. Nimezichoka. Hazidanganyi, ila zinalikwepa swali lenyewe: je, vitundu hivyo vinapitiana?

Nyumba yaweza kuwa na vyumba tele, lakini kama havina milango, mgeni ataishia barazani. Ndivyo zinavyofanywa seli. Zinashika vizuri kwenye uso wa nje na kuongezeka, kisha zilizo ndani zinakosa oksijeni kwa kuwa mshipa wa damu haukupata pa kupenya. Tangu miaka ya 1970 mikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita) hutajwa kuwa kipimo cha chini cha kitundu, na siku hizi wengi wanapendelea 300 na kuendelea. Sawa, lakini kitundu cha 400 chenye mlango wa 5 kina faida gani?

Kati ya njia za kutengeneza viunzi hivi, njia ya sponji inatoa milango mizuri. Sponji ya poliyurethani inachovywa kwenye uji wa haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na ya mfupa, inakamuliwa, inakaushwa, kisha inaingia tanurini hadi nyuzi joto 1,200 hivi. Sponji yote inaungua, seramiki inabaki. Vunja kipande ukitazame kwa hadubini: kila kijiti kina tundu la pembetatu katikati, pale ulipokuwa uzi wa sponji. Nyufa huanzia hapohapo. Ndiyo maana viunzi vingi vya aina hii, vikigandamizwa, nguvu yake haifiki hata megapaskali 1, ilhali mfupa laini wa ndani una kama 2 hadi 12.

Halafu kuna kuyeyuka kwa kiunzi mwilini, ili kiuachie mfupa mpya nafasi. Haidroksiapataiti iliyochomwa vizuri hukaa mwilini miaka. Trikalsiamu fosfati ya aina ya beta, seramiki nyingine ya kalsiamu, huondoka mapema zaidi, pengine kabla mfupa mpya haujajishikilia. Kuzichanganya ni busara, na ndiko ninakoegemea.

Kwa hiyo ninayetaka kumsoma ni mtafiti anayetaja upana wa milango, na nguvu ya kiunzi baada ya miezi mwilini, si siku kilipotoka tanurini tu. Daktari anayeendelea kuchota mfupa kwenye nyonga ya mgonjwa badala ya kutumia seramiki simlaumu, ingawa kidonda cha pili kinauma: mfupa ule huja na seli zake hai.