Saba ya leo si saba ya wiki iliyopita

Mgonjwa wa selimundu (sikoseli) anavuka na meli kutoka Nansio, anafika Mwanza, anapanga foleni hospitali ya Bugando. Daktari anamuuliza: tangu mwezi uliopita maumivu yalikuwaje, sifuri hadi kumi? Anajibu "saba", kwa sababu leo ni saba.

Baadhi ya madaktari hawaoni sababu ya kuhamishia kwenye simu shajara ya maumivu, yaani kumbukumbu ambayo mgonjwa huandika kiwango cha maumivu yake siku kwa siku. Daftari, wanasema, linatosha. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Marekani uliohusu watu wazima 80 wenye maumivu sugu. Nusu yao walipewa shajara ya karatasi, na ndani ya jalada lake vikafichwa vihisi vya mwanga vya kurekodi kila lilipofunguliwa. Kwa kadi walizorudisha, walijaza kwa wakati mara 90 katika kila 100. Vihisi vikasema 11. Takriban theluthi moja ya siku jalada halikufunguliwa kabisa, lakini kadi za siku hizo zilirudi zimejazwa! Waliopewa shajara ya kielektroniki walifikia 94.

Hiyo 11 hainitoki kichwani. Siwaiti waongo, naona watu wanaoumwa waliotaka kumpa daktari alichoomba. Lakini ni dozi ngapi hupandishwa au kushushwa kwa kutegemea karatasi iliyojazwa kwa mkupuo?

Madaktari wana hoja, na nzito kuliko zote ni hii: mtu akibonyeza tisa saa nane usiku, nani anaisoma, na asiposoma lawama ni ya nani? Hapo wana haki. Mgonjwa aambiwe tangu mwanzo kwamba shajara haiiti msaada. Akizidiwa aende hospitali. Wengine wanahofia kwamba kuulizwa kila mara kutamfanya mtu ayawaze maumivu tu. Kuhusu hoja kwamba si kila mtu ana simu janja, mwenye kitochi anaweza kutuma namba moja kwa meseji.

Tena daktari hahitaji kusoma namba zote, mchoro wa mwezi mzima unamtosha. Baridi na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu ya selimundu. Mvuvi wa dagaa mwenye ugonjwa huu huingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwepo hupumzika. Mstari wake ukipanda kila baada ya siku za giza, daktari ataanza kumuuliza habari za mtumbwini: amevaa nini, amekunywa maji kiasi gani.