Shule ya Kutwa na Kucha

Mwenzenu ni fundi cherehani, Nkuhungu hapa Dodoma, barazani kwangu mwenyewe. Kila Desemba na Januari nashona sare za shule mpaka nyayo zinaota sugu. Sketi za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe ambayo mimi na vumbi la mji huu tunajua kabisa kwamba kufikia Pasaka nayo yatakuwa kaki. Na kila mzazi anayekuja kuchukua sare, akishamaliza kuomba punguzo, lazima aulize: "Fundi, na wa kwako wanasoma wapi?"

"Shule ya kutwa," namjibu.

"Ya kutwa ipi?"

"Ya kutwa na kucha. Iko hapo nyuma ya pazia."

Nina vijana wawili wanaosomea nyumbani, na mwalimu mkuu ni mimi, niliyemaliza darasa la saba mwaka 1993 na cheti changu kikaliwa na mchwa.

Mkubwa anaitwa Mazengo. Nilimpa jina la mtemi wa Wagogo nikitegemea makubwa, na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, makubwa yakaja kweli: pointi 34. Kwa wasiojua, pointi za mtihani ule ni kama madeni, zikiwa nyingi ndivyo unavyozama. D moja, ya Kiswahili, na F sita. Daraja sifuri. Angepata D nyingine moja tu angekuwa na 33, yaani daraja la nne, na mimi ningechinja jogoo na majirani ningewaita. Akaja kuniambia, "Baba, nimekosa pointi moja tu," kwa huzuni ya mtu aliyekosa treni kwa dakika moja. Nikamwambia wewe treni hukuikosa, wewe stesheni yenyewe hukwenda.

Basi anarisiti, yaani anarudia mtihani. Kwa lugha ya karatasi anaitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Neno hilo la kujitegemea ndilo lililoniingiza mjini. Nilidhani atajitegemea. Kumbe anategemea bando langu, meza yangu ya kukatia vitambaa, na mkate wangu wa asubuhi ambao anaumaliza saa nne akiwa ndiyo kwanza anaamka.

Mdogo ni Neema, miaka kumi na sita. Yeye bodaboda ilimvunja mguu miezi miwili kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Mguu ukapona, lakini akakataa katakata kurudia darasa na watoto aliokuwa anawatuma maji. Akasema atafanya QT, mtihani wa maarifa, akifaulu aende kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kama kaka yake ila bila F. Mama yake akakubali. Mimi nilipewa taarifa.

Mama Mazengo mwenyewe ni mamalishe, anawapikia mafundi ujenzi kule Mtumba kwenye mji wa serikali. Anatoka saa kumi alfajiri na masufuria yake, anarudi jioni hana miguu. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, nyumba ina mimi, cherehani, na vijana wawili ambao kila mmoja amenizidi urefu au maneno.

Siku ya kwanza nilikata boksi la vifungo, nikaandika ratiba kwa chaki ya kukatia. Saa 12:00 kuamka. Saa 1:00 kufagia uwanja. Saa 2:00 Hisabati. Nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Ilikuwa ratiba nzuri jamani. Neema akatoka na mswaki mdomoni, akaisoma yote, akauliza, "Baba, hii imepitishwa na nani?"

"Na mimi."

"Wadau walishirikishwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba somo la Uraia lisifundishwe kwenye nyumba unayolala. Binti alikuwa ameshafika mada ya demokrasia. Nasi tunaishi mji wa Bunge, kikao kikianza redio ya jirani inatuletea hoja, taarifa na mwongozo kutwa nzima bila sisi kuomba. Neema akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, akauliza wanaoafiki ratiba ya baba waseme ndiyo. Nikasema ndiyo, peke yangu, kama mwehu. Wasioafiki waseme siyo. Zikaja siyo mbili, moja kutoka kitandani, Mazengo hajafungua hata macho. "Waliosema siyo wameshinda," akatangaza, akaenda kusukutua.

Tangu hapo kwangu hakuna jambo linalopita bila kura. Saa ya kuamka, kura. Nani aoshe sufuria, kura. Mchana tule nini, ndiyo balaa zaidi, maana mimi ni mtu wa ugali wa uwele na mlenda. Nimekua nao, una afya, na ukishaumeza hauulizi maswali. Vijana wanataka chipsi mayai. Chipsi mayai mbili na soda ni hela ya kupunguza suruali ngapi? Nikileta hesabu hiyo naambiwa nachanganya fedha na haki za msingi. Siku moja nikasema basi tumpigie mama, yeye aamue. Simu ikapokelewa katikati ya milio ya masufuria na mafundi wanaodai maharage: "Baba Mazengo, unanipigia mimi nina watu arobaini hapa, kuniuliza chakula cha watu watatu?" Ikakatwa. Tulikula mlenda, lakini si kwa kura. Ni kwa sababu hela ya chipsi nilikuwa nimeitumia kwenye vocha ya kumpigia.

Mnasema nimpe Mazengo mkwaju? Ana mabega kama mlango. Nikiinua fimbo mimi, nani aishushe?

Kufundisha kwenyewe sasa. Huko sekondari karibu kila kitu ni Kiingereza, isipokuwa kama Kiswahili, alikopata ile D. Mimi Kiingereza changu ni cha lebo za nguo. Mazengo akaja Jumatatu moja, akanipa daftari la baiolojia: "Baba nihoji, wewe fuatilia tu nikisoma kwa kichwa." Nikashika daftari, nikavaa na miwani ya kuingizia uzi. Kijana akafumba macho akatiririka, nami natikisa kichwa kama mjusi. Nikasema moyoni, kumbe mwanangu ana akili, ni ile shule ndiyo ilikuwa haijui kuuliza. Jumanne tena. Jumatano tena. Alhamisi nikampa na nyongeza ya soda. Ijumaa Neema, anayenyoosha mashati kwa pasi ya mkaa pembeni, akasema bila hata kugeuka: "Baba, hiyo ni aya ileile tangu Jumatatu. Na wewe daftari umelishika juu chini."

Lakini nami nilimpata. Nilimuuliza usanisinuru ni nini. Akafikiri sana. Akasema ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usanisinuru! Kitu anachokisoma miaka minne! Nilipomweleza kwamba ni jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, akapiga paji la uso: "Aaah, fotosinthesisi! Si ungesema kwa lugha ya kawaida." Na siku aliyokwama kwenye sehemu za kujumlisha, akanitajia herufi tatu za Kiingereza anazotafuta, nikadhani ni chama cha siasa. Kumbe ni K.D.S., kigawe kidogo cha shirika, tuliyoiimba darasa la tano huku tunachapwa! Nikaitafuta kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja. Jibu likatoka sawa. Doa la chaki halikutoka.

Kuna siku nyingine ambayo bado inaniuma. Alikuja mama mmoja wa Area D, akataka sketi ya solo ya sherehe, ile inayokatwa kama duara, kiuno inchi 28. Solo nzima, kwa jinsi nilivyofundishwa na marehemu fundi wangu, unachukua kiuno unagawa kwa sita. 28 kwa sita ni nne na theluthi mbili. Unakunja kitambaa mara nne, unapima kutoka kwenye kona, unachora robo duara, unakata. Nimekata hivyo miaka ishirini na ushei. Neema akaja na kalamu.

"Baba, kwa nini sita?"

"Kwa sababu ni sita."

"Hiyo ni duara. Mzingo wa duara ni mara mbili ya pai mara nusu kipenyo. Pai ni 22 kwa 7. Kwa hiyo kiuno unazidisha kwa 7, unagawa kwa 44." Akaandika ukutani, chini ya maiti ya ratiba yangu: 28 mara 7 ni 196, gawa kwa 44, ni 4.45. "Wewe ukitumia nne na theluthi mbili, kiuno kinatoka inchi 29 na theluthi. Sketi zako zinazidi kwa inchi moja na zaidi."

Nikakaa. Miaka ishirini wateja wananirudishia solo wakisema zinashuka kiunoni, nami nawaambia mama, umekonda, mwaka huu mvua zilikuwa haba. Wengine nimewapa pole ya ugonjwa! Nikajitetea kwamba inchi nzima inaliwa na mshono wa zipu, jambo ambalo ni kweli, muulize fundi yeyote. Akasema basi ya zipu ijumlishwe kwenye kiuno kwanza ndipo tugawe, siyo kuotea. Mazengo, ambaye saa nzima alikuwa amelala kifudifudi juu ya marobota ya kitenge na simu yake, akainua kichwa: "Kwa hiyo pai ni kitu kinachotumika?"

Wakati natafuta la kumjibu, Neema akaleta hoja kwamba kila solo itakayokatwa kwa fomula yake alipwe shilingi 500. Mbili kwa moja. Nalipa mpaka leo.

Juzi Julai, na baridi hii inayokata masikio, akaja mjomba wao kutoka Dar es Salaam. Zamani mjomba alikuwa mgeni wa heshima, maana kutoka Dar ni kutwa nzima kwenye basi, mtu alikuja mara moja kwa mwaka na alikuja na mkungu wa ndizi. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024, ni chini ya saa nne. Anakunywa chai kwake, mchana anakula kwangu. Amekuja na mkoba na ushauri. "Shemeji," ananiambia huku anajipakulia, "watoto wa siku hizi hawaamrishwi. Wanashirikishwa."

Nikamwambia shemeji, mimi hapa ndiye ninayetafuta kushirikishwa.

Akacheka sana, na usiku huo akapewa haki ya kupiga kura. Mkaazi wa siku mbili! Nilipopinga nikaambiwa nabagua. Hoja yenyewe ilikuwa ya maji. Mtaani kwetu maji ni ya mgawo, na siku yetu ikifika yanakuja saa nane usiku, hayana adabu hata ya kubisha hodi. Lazima mtu awe nje na ndoo na mapipa, la sivyo wiki nzima tunanunua kwa mkokoteni. Nikatoa hoja kwamba Mazengo, mwenye mabega yale, ndiye aamke. Mazengo akasema ana Fizikia asubuhi. Neema akasema mguu wake wa bodaboda unauma kwenye baridi, ingawa mchana wake nilimwona anaruka kamba. Mama Mazengo anatoka saa kumi, huyo haguswi. Mjomba akasema yeye ni mgeni. Hapo akakumbuka ni mgeni.

Neema akahoji. Wanaoafiki baba akinge maji waseme ndiyo. Hata mama yao, aliyekuwa anasinzia na kijiko mkononi, alisema ndiyo bila kufumbua macho. Nne kwa moja.

Saa nane usiku nipo nje na koti la suti ya mteja, nimekalia ndoo, bomba linapumua upepo tu. Ndani wanakoroma kwa zamu, kama wamepangiana. Upande wa pili wa ukuta nikasikia ndoo inaburuzwa. Ni jirani yangu, dereva, mtu mzima, ana vijana watatu walio likizo.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kupitia ukutani.

"Mbukwa." Akakaa kimya kidogo. "Kwenu pia mlipiga?"

"Tulipiga. Nilipata moja."

"Afadhali wewe," akasema. "Mimi hata ya kwangu nilisema ndiyo, nilidhani wanauliza kitu kingine."