Itapanuka Ikipata Moto

Jamani, kuna mtu leo kaniuliza "504 ndiyo gari gani?" Angekuwa muuza vitumbua ningemsamehe, nikanunua vitumbua vyangu nikaenda zangu. Huyu ni muuza spea. Ana kaunta, ana kitabu cha risiti, mikanda ya feni imening'inia juu ya kichwa chake. Peugeot 504! Gari lililoingia barabarani mwaka 1968, Wazungu wakalivika taji la gari bora la Ulaya mwaka 1969, likashinda Safari Rally mwaka 1975, watu wakasema limebahatisha, likarudia mwaka 1978. Kenya wameliunganisha, Nigeria wameliunganisha. Hapa Tanga limebeba mameneja wa mkonge, limebeba maharusi, limebeba maiti, limeteremsha kabichi na wagonjwa kutoka Lushoto kwa safari moja. Leo mtoto ananikodolea macho, na mimi nimeulizia ringi tu, zile duara za chuma zinazovalishwa pistoni, sikuulizia nanga ya jahazi.

Nikavuta pumzi. Mimi mstaafu, kofia yangu ya viua kichwani, kikapu cha ukili mkononi, na siku hizi heshima ya mtu yote imehamia kwenye kofia, ukiivua umekwisha.

"Mwanangu," nikamwambia kwa upole, "nataka ringi za pistoni, seti moja, stendadi."

"Nipe namba ya chesisi, mzee, nitafute."

Nikampa. Akabonyeza simu, akabonyeza, akatabasamu, akanigeuzia kioo. Suruali ya jinzi. Kumbe 504 ni suruali pia, na ina punguzo.

"Siyo hii, mwanangu."

"Ndiyo maana nikakuuliza, mzee."

Sasa injini yenyewe iko chini kule Chuda, gereji ya uchochoroni, imefunikwa kanga ya mke wangu ambayo yeye anaamini imeibwa kambani. Ilikuwa inakula oili kuliko petroli. Majirani zangu wa Makorora wakisikia naipiga stata wanaanua nguo. Pensheni mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Fundi kanipa orodha kwenye kipande cha mfuko wa saruji: ringi, beringi za konrodi, hedi gasketi, oili sili za mbele na nyuma, na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri kuliko wote, "chai ya fundi".

Orodha nimeikalia usiku nikaichuja. Valvu hazinunuliwi, zinasagwa zile zile mpaka zikae. Kabureta haibadilishwi, unanunua vitu vyake vya ndani, sindano na vigasketi, unaosha unarudisha. Hedi ni ya aluminiamu, ilichemka kwenye kilima fulani mimi sipo, imepinda, basi ikasawazishwe uso kwa wakereza vyuma. Lakini ringi, beringi na hedi gasketi, hapo ubahili unauacha mlangoni pamoja na viatu. Maana injini hii slivu zake, yaani yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, huchomolewa moja moja, na zikirudishwa kila moja lazima ichomoze juu ya bloki kiasi cha unywele ili gasketi iibane. Ikizama, maji na oili vinaoana, na ukifungua kifuniko unakuta chai ya maziwa ambayo hukuiagiza.

Kwa hiyo kikapuni nilibeba pistoni moja na slivu yake, vya sampuli. Vizito hivyo! Kondakta wa daladala kanitoza nauli ya mzigo. Haya.

Bosi wa duka akasikia mabishano, akatoka stoo anajifuta mikono.

"Ami, waambaje?"

"Njema. Nataka ringi za 504."

"Zipo!"

Wallahi moyo uliruka. Akapanda ngazi, akashusha boksi lililofubaa, pembe moja imeliwa na panya. Ndani karatasi ya mafuta, ringi zimelala, nyeusi, hazimetimeti kama hivi vya kopi vinavyong'aa dukani na kufia barabarani. "Hii orijino, ami. Marehemu baba aliiweka." Nikaguswa kidogo. Nikapangusa vumbi la lebo kwa kidole gumba. Jina la gari sawa. Chini yake tarakimu mbili: 84.

Hapo ndipo palipo na shughuli. 504 za mwanzo zilikuja na injini ya 1796, na hizo ni sentimita za ujazo, na silinda zake zina kipenyo cha milimita 84. Baadaye kidogo wakaleta ya 1971, na hiyo nayo ni ujazo, si mwaka, msije mkanibishia, silinda zikawa milimita 88. Yangu ni 88. Nikamweleza bosi. Akaniambia 504 ni 504.

Nikasema watu wazima hawabishani kwa midomo. Nikapakua slivu kutoka kikapuni, nikaiweka juu ya kaunta, nikachukua ringi moja nikaitumbukiza, nikaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ikae sawa. Ndivyo ringi inavyopimwa, kisha unapitisha fila geji, kile kijibati chembamba cha kupimia, kwenye pengo la ncha zake mbili. Kwa slivu ya 88, ukikuta milimita 0.35 au hapo hapo karibu, unakwenda kulala usingizi wako. Hili pengo halikuhitaji fila geji. Nilipitisha kidole changu cha mwisho, kikaingia mpaka kwenye pete.

"Bwana, unaona?"

"Naona, ami. Itapanuka ikipata moto."

Itapanuka! Chuma hupanuka, sikatai, hata sisi tulisoma. Lakini hupanuka vijisehemu vya milimita. Pengo hili lilikuwa milimita 12 na ushei. Moto wa kupanua ringi kiasi hicho, hiyo injini ingekuwa imeshayeyuka, na mimi nikiwa ndani.

"Basi ami tusivunjiane heshima," akasema. "Nilitaka 90,000. Nipe 75,000."

Nikaingiza kidole tena.

"70,000."

Nikakichezesha.

"65,000, na hapo nakupa kwa sababu umenikumbusha baba."

Watu wakaanza kujaa. Kijana wa bodaboda aliyefuata balbu akachungulia ndani ya slivu kwa jicho moja, akatoa fatwa: "Mzee, weka mbili mbili, hii izibe pengo la mwenzake." Mama mmoja aliyekuja kununua vipangusia kioo akamwambia bosi aache roho mbaya, amshushie baba wa watu mpaka 50,000. Nikamshukuru, nikamwambia, "Mama yangu, tatizo si bei." Akanitazama kwa mashaka. Mtu Tanga hii anasema tatizo si bei, lazima ana lake jambo.

"50,000!" bosi akapigilia kaunta.

"Bwana wee, hata ukinipa bure pengo ni lile lile."

"Bure sikupi, ami. Hii orijino."

Ndipo yule mtoto wa suruali ya jinzi, ambaye muda wote alikuwa kimya na tulikuwa tunaheshimiana hivyo, akafungua kinywa: "Kwani mzee si utoe hiyo injini uweke ya Hiace?"

Ustaarabu ukaniponyoka pale pale. Nilipiga kelele, nasikia mpaka soko la Mgandini wameulizana kuna nini. Sina ugomvi na Toyota. Gari zuri, spea zinauzwa mpaka kwenye meza ya muuza vocha. Lakini mji mzima huu kila mtu ana injini ya kunipa na hakuna mwenye ringi! Muadhini kaniambia weka ya Toyota. Daktari wa macho, tochi iko ndani ya jicho langu, hata hajamaliza kumulika, "Mzee, ungeweka ya Toyota." Mpanda baiskeli, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata bomba la tingatinga, anasimama, anashusha mguu mmoja, ananishauri kuhusu injini ya Toyota, anaondoka. Na hakuna anayesema ile gia boksi ya Mfaransa nitaipeleka wapi. Propela shafti ya 504 imo ndani ya bomba, na bomba limefungwa kuanzia gia boksi mpaka kwenye difu, ukigusa injini umegusa mpaka matairi ya nyuma. Ukate, uchomelee, urefushe. Ukimaliza, ukabadilishe kadi ya gari, na foleni ya huko hamhitaji kuhadithiwa. Mshauri yuko wapi siku hiyo? Yuko kwenye baiskeli yake!

Nikakusanya chuma changu, nikatoka. Kofia nilirudishiwa na yule mama.

Duka la pili waliniambia njoo kesho, bila kuuliza nataka nini. Duka la tatu walikuwa na oili sili, za mbele na nyuma, kipimo chake, bei ya haki, na hilo ndilo limenikera zaidi, maana sasa ninamiliki sili za kuzuia oili kwenye injini ambayo haipo. Wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye simu wanataka hela kwanza, picha baadaye.

Kufika Chuda, fundi kanipokea kwa habari njema. Krenkshafti imeshachongwa robo ya milimita, kwa hiyo beringi zinatakiwa za 0.25, zinakosekana, lakini nisihangaike: atachukua zile za zamani, aweke karatasi ya sigara nyuma yake, zitabana. Nikamuuliza hiyo karatasi ni ya ngapi, ya 0.25 au ya 0.50? Akacheka, akasema mzee una mambo. Fundi huyu havuti sigara. Alitaka nimpe hela akanunue pakiti.

Pale gereji kuna mzee mwenzangu, makazi yake ni juu ya tairi bovu, kila nikifika lazima anisimulie Bert Shankland alivyokuwa dereva wa Tanzania hii hii akashinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, matope mpaka kwenye vioo. Ni kweli kabisa, na mimi huwa natikisa kichwa kwa fahari. Leo nikamuuliza, ringi alinunua wapi? Hajui.

Tumaini langu limebaki Mombasa. Shemeji yangu kaona Peugeot 505 ya kabureta imekatwakatwa, na 505 hizo zilipewa injini hii hii ya 1971, pistoni na slivu zinaingia bila kuombwa. Zitapakiwa kwenye basi, zipite Horohoro, zifike. Nikamwandikia: kipimo ni 88? Akajibu: "Iko sawa tu shem." Nikamwuliza sawa na nini. Tiki mbili za bluu, na kimya.

Sasa katikati ya hayo jana usiku kamati ya harusi ya mpwa wangu ikaniingilia sebuleni. Magari ya zamani yamekuwa fasheni, bibi harusi anataka kupanda 504, wameshaliweka kwenye ratiba, wameshachagua riboni. Nikawaambia gari liko juu ya matofali na mke wangu anaanikia makopa kwenye boneti. Wakasema makopa yatatolewa. Nikasema sawa, basi gari ndiyo mchango wangu. Katibu akafungua daftari, akasema gari ni la ukoo, mchango ni wako, umeandikiwa 200,000 na umechelewa. Ukumbi wamekodi Raskazone eti wawe karibu na bahari, bahari ambayo Tanga hii unaiona bure. Mpishi wa pilau anatoka Pangani, anataka nauli ya kuja, ya kurudi, na ya sufuria. Sufuria inalipiwa nauli! Nikauliza itakaa dirishani au katikati, kamati nzima ikaninunia, shangazi mtu akasema wazee wa siku hizi hatuna ushirikiano, na wakaondoka bila kumaliza chai, ambayo sukari yake nilikopa.