Kabla ya kompyuta, mpeni mwanafunzi utepe na kisima

Saa nane usiku, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikilinda kisima. Si kwamba kulikuwa na mwizi. Tulikuwa kwenye jaribio la kupampu: kisima kirefu kimoja kinavutwa maji kwa kasi ileile saa 24 mfululizo, na pembeni yake, kwenye visima vidogo vya uangalizi, watu wanapima maji yanashuka kiasi gani na kwa haraka gani. Kisima changu kilikuwa hatua kama hamsini kutoka kwenye pampu. Kila nusu saa nilitakiwa kushusha utepe wa kupimia, kusubiri ulie pale ncha yake inapogusa maji, kusoma kina kwenye ukingo wa bomba na kuandika daftarini. Kazi ya dakika moja. Dakika 29 zinazobaki ni zako, na hizo ndizo zilizoniponza.

Nilisinzia. Nilipozinduka, mbingu ilishaanza kupauka, ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na daftari lilikuwa na mistari mitano mitupu. Nikafanya jambo ambalo nadhani wengi wamelifanya na hawasemi: nikatazama vipimo vya jioni, nikaona maji yanashuka kwa mpangilio mzuri, nikajaza tarakimu tano zinazofuata mpangilio huo. Nilijitahidi hata zisipendeze kupita kiasi, nikaongeza nusu sentimita hapa na kupunguza nusu pale, zipate sura ya ukweli. Kisha nikashusha utepe kwa kipimo cha saa kumi na moja. Maji yalikuwa chini kuliko nilivyotegemea, kwa sentimita saba hivi. Nikadhani macho yana usingizi, nikaandika hivyohivyo.

Siku mbili baadaye mwalimu alichora vipimo vyangu kwenye karatasi ya logariti, nukta moja moja kwa penseli. Alipomaliza alikaa kimya, akageuza karatasi kidogo kama mtu anayeitafutia mwanga. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, hayo maji nayo yalilala?"

Ukivuta maji kisimani, usawa wa maji yaliyo ndani ya mwamba unabonyea kukizunguka kisima kwa umbo la faneli, na faneli hiyo inatanuka kadiri pampu inavyoendelea. Ukichora ushukaji wa maji dhidi ya logariti ya muda, unapata mstari ulionyooka. Faneli ikigonga ukuta, yaani mwamba usiopitisha maji, upande mmoja unakosa pa kuvuta, na mstari unaanza kupinda hadi mteremko wake unakuwa mara mbili. Saa ambayo mstari unapinda ndiyo inayokuambia ukuta uko umbali gani. Kwenye daftari langu, saa hiyo ilikuwa katikati ya tarakimu tano za uongo. Tulijua ukuta upo, hatukujua uko wapi. Tukasubiri maji yarudi juu, wiki iliyofuata jaribio likarudiwa lote, wenzangu wanane wakikesha tena kwa ajili yangu. Sitasema waliniita jina gani muhula mzima.

Sikumbuki nilipata alama ngapi kwenye mtihani wa milinganyo mwaka ule. Usiku ule naukumbuka wote, hadi harufu ya moshi wa jenereta. Na ndio ulionipa ugomvi nilio nao hadi leo na mpangilio wa somo la maji ya chini ya ardhi katika vyuo nilivyopata kuvijua: hesabu kwanza, kisha nadharia, kisha programu za kompyuta, na mwishoni, bajeti ikibaki na basi likipatikana, siku tatu za uwandani. Mimi ningeugeuza juu chini. Wiki ya kwanza kabisa, kabla mwanafunzi hajaandika mlinganyo hata mmoja, apewe utepe na kisima, na usiku wa kukesha.

Hili si somo la pembeni. Karibu asilimia 99 ya maji yote duniani yasiyo ya chumvi na yasiyoganda yako chini ya ardhi. Mito na maziwa tunayoyaimba ni salio dogo tu. Tatizo ni kwamba hatuyaoni, na mtu asichokiona anakibunia picha. Wengi tuliingia chuoni tukiamini kuna mito inayotiririka gizani huko chini. Ipo, kwenye miamba ya chokaa iliyoliwa na maji, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya hadithi. Kwingi maji yamejibanza kati ya chembe za mchanga au kwenye nyufa nyembamba kama unywele, yakisogea labda sentimita chache kwa siku. Mhadhara hauiondoi picha ya mto kichwani. Mwanafunzi anaandika jibu sahihi kwenye mtihani, na mto wake unabaki palepale.

Kinachouondoa ni chupa mbili. Moja ijaze mchanga, nyingine udongo wa mfinyanzi, zote zilowe maji hadi juu, kisha toboa tundu chini. Kabla ya kutoboa, waulize wanafunzi ipi ina maji mengi zaidi. Karibu wote watasema mchanga. Kumbe mfinyanzi unaweza kubeba maji yanayofikia nusu ya ujazo wake, mara nyingi kuupita mchanga. Toboa sasa. Mchanga unamwaga. Mfinyanzi unatoa jasho, halafu basi. Nimeona watu wazima wakiinama kuchungulia tundu la mfinyanzi wakidhani limeziba. Hapo ndipo unawaambia kwamba kubeba maji na kuachia maji ni mambo mawili tofauti, na hutawaambia tena.

Mfinyanzi huohuo una somo la pili, ambalo chupa haiwezi kulionyesha kwa sababu linachukua miaka. Ukipampua sana mchanga ulio jirani, mfinyanzi nao unaanza kukamuliwa polepole, chembe zake zinalala, tabaka linakonda na ardhi ya juu inashuka. Kwenye bonde la San Joaquin, California, ipo picha maarufu ya mtaalamu Joseph Poland amesimama kando ya nguzo yenye vibao vya miaka. Kibao cha 1925 kiko juu kabisa, cha 1977 kiko miguuni pake, kuonyesha ardhi ilipokuwa kila mwaka. Tofauti ni karibu mita 9. Mvua ikinyesha baadaye maji yanaweza kurudi kwenye mchanga, lakini mfinyanzi ulioshikamana haufumuki tena kuwa kama zamani.

Somo lenyewe lilianza na mabomba ya mchanga. Henry Darcy alikuwa mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon, Ufaransa, maji safi kutoka chemchemi ya mbali, na sheria tunayoitumia hadi leo aliichapisha mwaka 1856 katika ripoti kuhusu mabomba na chemchemi za mji ule. Alijaza mchanga kwenye bomba la chuma lililosimama wima, akapitisha maji, akapima. Akakuta kwamba kinachopita kinalingana na tofauti ya usawa wa maji juu na chini, na kinapungua kadiri mchanga unavyokuwa mrefu. Basi. Nilipofundishwa mwaka wa kwanza niliidharau, nikaona ni hesabu ya sekondari. Sikuwa nimeelewa kwamba ile namba moja ndani yake, inayosema mwamba unapitisha maji kwa urahisi gani, inaweza kutofautiana mara mamilioni kwa mamilioni kati ya changarawe na mfinyanzi. Mlinganyo ni mwepesi. Ile namba ndiyo kazi ya maisha, na haipatikani mezani.

Hapo najua nitajibiwa: dunia ya leo ni ya modeli, yaani mfano wa bonde zima ndani ya kompyuta. Ni kweli. Huwezi kusimamia bonde lenye visima elfu moja kwa daftari na penseli. Mimi mwenyewe natumia MODFLOW, ile programu ya Idara ya Jiolojia ya Marekani iliyotoka miaka ya 1980, inayogawiwa bure, na sioni tungeishije bila hiyo. Lakini programu haina aibu. Ukiipa namba ya kweli itakuchorea ramani ya rangi, na ukiipa tarakimu za mtu aliyesinzia itakuchorea ramani ya rangi nzuri vilevile.

Tena kuna mtego ambao mwanafunzi aliyeanzia kwenye kompyuta huwa anauona amechelewa. Chukua modeli iliyotulia, ambayo usawa wa maji haupandi wala kushuka, yenye mvua inayopenya ardhini na mto unaopokea maji. Zidisha mara mbili kiasi cha mvua kinachopenya, na uzidishe mara mbili upenyevu wa mwamba. Usawa wa maji visimani unabaki uleule. Modeli mbili, moja ina maji mara mbili ya nyingine, na zote zinakubaliana na vipimo vyako vya visima. Ipi ya kweli? Kompyuta haitakuambia. Itabidi uende ukapime mto unapokea maji kiasi gani, au utafute umri wa maji kwa isotopu kama tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, iliyomwagika angani kwa wingi kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Yaani urudi ulikotoroka: nje, kwenye tope.

Kemia nayo inanyimwa haki yake. Mara nyingi inawekwa kama somo la hiari, jambo linalonishangaza kila nikikumbuka Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa huko kwa wingi ili watu waachane na maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Nia njema, na kwa upande wa vijidudu ilisaidia. Ila haikuwa desturi kupima arseniki, na miaka ya 1990 ikabainika kwamba mamilioni ya watu wanakunywa sumu hiyo iliyotoka kwenye udongo wenyewe, kwenye maji meupe yasiyo na harufu wala ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukihisi. Baadaye pampu zikapakwa rangi, nyekundu zenye sumu na kijani zilizo salama, na mara nyingi zilisimama mita chache tu moja kutoka nyingine. Mchimbaji anayejua kiasi cha maji bila kujua kilichomo ndani yake amejua nusu.

Hesabu siidharau, msinielewe vibaya. Mlinganyo tunaousomea majaribio ya kupampu ni wa Charles Theis, wa mwaka 1935. Mlinganyo huo ulizaliwa pale alipoona kwamba maji yanaelekea kisimani kama joto linavyosafiri ndani ya kitu kigumu, akamwomba rafiki yake mwanahisabati, Clarence Lubin, amsaidie kupata jawabu lililokuwa tayari kwenye elimu ya joto. Nilichopenda hapo ni mpangilio. Swali lilikuwa la mtu aliyeviangalia visima, hesabu ikaitwa ije kulijibu.

Kwa hiyo vijana wanaponiandikia kuuliza wachague kozi ipi, iliyo chini ya jiolojia au chini ya uhandisi, nawajibu kwamba mlango si hoja sana. Ulizeni idara jambo moja: hadi nimalize, nitakesha kisimani usiku mingapi? Mkijibiwa kwamba kuna maabara mpya ya kompyuta, mmeshajibiwa.

Daftari lile ninalo. Mwalimu alizungushia ile mistari mitano wino mwekundu, hakuandika neno. Wanafunzi wakija kwangu kwa mafunzo ya vitendo nawapa nakala isiyo na wino, nawaambia kuna uongo humo, wautafute. Wapo wanaochora kwa mkono na kuupata ndani ya nusu saa. Wa mwisho niliyempa alikaa nayo siku nzima, jioni akaja kuniuliza vipimo hivi nilivitengeneza kwa programu gani.