Nakala 3,000 si Uroho

Kijana mmoja wa Majengo hapa Dodoma, mpenzi wa sinema za zamani, analalamika. Filamu aliyoitamani ilitolewa kwa Blu-ray, diski ya picha safi kuliko DVD, nakala 3,000 tu, zikaisha, na sasa walanguzi wa eBay, soko la mtandaoni, wanaiuza mara tatu ya bei. Kwake huo ni ujanja wa kampuni wa kuwatia watu presha wanunue harakaharaka.

Presha ipo, sikatai. Lakini ile ziada anayokula mlanguzi haimfikii aliyetengeneza diski hata senti moja. Basi tumpigie hesabu yeye.

Twilight Time, kampuni ya diski ya Marekani iliyoanza 2011, ilikodi haki za filamu za studio kubwa na kwa kawaida kutoa nakala 3,000 za kila filamu, nyingi kwa dola 29.95 kila nakala. Zikinunuliwa zote, bila muuzaji wa kati kukata chake, ni dola 89,850. Humo anadai mwenye haki za filamu, ambaye aghalabu hutaka kianzio kabla diski haijauzwa. Kiwanda nacho hakipokei oda ya nakala mbili tatu. Bado mwandishi wa kijitabu na mchapaji wa jalada, na kama mkanda umechakaa, kuuskani fremu moja moja na kuusafisha ni gharama nyingine nzito. Tena hiyo ni hesabu ya mzigo kuisha! Zikibaki nakala 1,000, dola 29,950 zimelala ghalani, na leseni ya kuuza filamu hiyo kwa kawaida ina kikomo chake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anaijua hofu ya kuvuna bila mnunuzi.

Njia za kuuza na kukodisha diski polepole nazo zinatoweka. Netflix iliacha kukodisha DVD kwa posta Septemba 2023, na Best Buy, maduka makubwa ya elektroniki ya Marekani, ikaondoa diski za filamu madukani 2024. Idadi ikitangazwa mapema, wapenzi wachache waliobaki hununua kwa pamoja, fedha inarudi, filamu inayofuata inalipiwa.

Ninapowabana wenye kampuni ni pale idadi inapoifungia filamu yenyewe, isipatikane tena. Si lazima iwe hivyo. Radiance Films, kampuni ya diski ya Uingereza, huanza na toleo la nakala chache lenye kijitabu, na filamu zake kadhaa zimefuatiwa na toleo la kawaida. Anayetaka kutazama tu anasubiri. Kijana wa Majengo angeulizia hilo kwanza kabla ya kumpelekea mlanguzi fedha yake.