Warushaji watatu kwanza, kombe baadaye

Kila msimu ukianza, wazazi huniuliza swali lile lile: "Kocha, mwaka huu tunachukua kombe?" Ninafundisha softiboli, mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli, kwa wasichana wa chini ya miaka 12 hapa Marekani, na jibu langu limewaudhi baadhi ya wazazi hao. Lengo letu la kwanza ni kuwa na warushaji watatu. Kombe tutalizungumza tukishawapata.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kila kitu huanzia mkononi mwa mrushaji, anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Huuzungusha mkono mzima kama pangaboi, akauachia mpira usawa wa nyonga. Mpigaji hana hata sekunde moja ya kuamua. Mrushaji akishindwa kuupitisha mpira juu ya besi ya nyumbani, yaani bamba lililo ardhini mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, wenzake wote hubaki wamesimama na glavu zao wakitazama wapinzani wakipewa besi (vituo vya kukimbilia ili kupata pointi) za bure, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto anaanza kulia katikati ya uwanja. Nimeyaona hayo mara nyingi na huniuma kila mara.

Umri huu nao ni mgumu. Mtoto akitoka kundi la chini ya miaka 10, mzingo wa mpira unapanda kutoka inchi 11 hadi 12, na umbali wa kurusha kutoka futi 35 hadi 40. Vyote kwa mkupuo, na kiganja chake ni kile kile. Aliyekuwa nyota mwaka jana, sasa mpira wake unagonga mchanga kabla haujafika. Kocha mwenye haraka humweka kando, akamchagua msichana mmoja mrefu na mwenye nguvu, kisha huyo ndiye atakayerusha Jumamosi nzima, mechi baada ya mechi, kwa kuwa timu inashinda naye.

Hapo ndipo ninapokataa. Wengi huamini kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, na ndiyo maana mashindano mengi ya softiboli ya watoto hayaweki ukomo wa idadi ya mipira kama besiboli inavyofanya. Si kweli kwamba hakuumizi. Watafiti waliopima wamekuta bega la mrushaji huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa mwili wake. Makocha hupenda kumtaja Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Japani ikaifunga Marekani na kutwaa dhahabu. Ninamheshimu mno. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka 26 aliyejua anachokitoa. Mtoto wa miaka 11 hana deni hilo kwa yeyote.

Basi malengo yetu ni yale ambayo mtoto anaweza kuyahesabu mwenyewe. Kati ya mipira kumi, mingapi imepita panapotakiwa? Ukianza na mitatu, mwezi ujao tutafute mitano. Walinzi, wale wanaoudaka mpira uliopigwa, wana hesabu yao ya kutupa kutoka besi ya tatu hadi ya kwanza bila mpira kudunda.

Tulilipia uamuzi huo. Msimu uliopita tulifungwa karibu mechi zote za mwanzo, na mzazi mmoja akamhamishia binti yake timu nyingine. Sikumlaumu. Ilipofika Julai, kwenye mashindano ya mechi nne kwa siku mbili, wapinzani wetu wa mwisho walikuwa na mrushaji mmoja ambaye mkono wake ulishachoka tangu asubuhi. Sisi tulimwingiza wa tatu, mdogo kuliko wote, aliyekuwa akigonga mchanga tangu Machi. Alipotoka uwanjani hakuuliza kama tunaongoza. Aliniuliza, "Kocha, mingapi?"

Saba kati ya kumi ya kwanza. Nilikuwa nimeiandika.